Saikolojia ya Afya: Utangulizi kwa Mwanafunzi Anayeanza Chuo

Kila mwaka masomo yanapoanza naingia darasani na kuandika ubaoni maneno matatu: saikolojia ya afya. Na kila mwaka mkono wa kwanza kuinuliwa huuliza swali lile lile: "Mwalimu, hili ni somo la wendawazimu?" Darasa zima hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo, na jibu nililipata kwa gharama kubwa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni wakati ami yangu, fundi seremala wa Mji wa Kale hapa Mombasa, alipoambiwa ana presha. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Kila nilipopita kwake nilimkumbusha: "Ami, dawa umemeza?" Naye alikuwa akinijibu, "Nimemeza, mwanangu," kisha ananimiminia kahawa. Miezi michache baadaye alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Tulipokuwa tukitafuta kadi yake ya hospitali, tulikuta kopo la biskuti juu ya kabati limejaa vidonge. Alikuwa akivimeza siku zile tu alizoumwa na kichwa.

Makala haya ni utangulizi wa taaluma inayojaribu kulieleza kopo lile. Nimeyaandika kwa wanafunzi wa chuo kikuu, wawe wa saikolojia, uuguzi, famasia, udaktari au ustawi wa jamii. Lakini mtu anayemlea mgonjwa nyumbani naye asipite, huenda akaokota lake.

Somo hili ni lipi?

Saikolojia ya afya huchunguza jinsi fikra, hisia, mazoea na mazingira ya mtu yanavyochangia afya ya mwili wake, na jinsi maradhi ya mwili yanavyorudi kugusa fikra na hisia hizo. Huuliza maswali kama haya: Kwa nini mtu anayejua sigara inaua bado anavuta? Kwa nini mama mmoja humpeleka mtoto hospitali siku ya kwanza ya homa na jirani yake akangoja siku nne? Kwa nini mgonjwa wa sukari huacha dawa akiwa amezipata bure?

Tusilichanganye na mambo mawili yaliyo karibu nalo. Matibabu ya akili, yaani kazi ya madaktari wa magonjwa ya akili, hushughulikia maradhi kama skizofrenia na sonona kali. Ushauri nasaha humsaidia mtu aliyelemewa na matatizo ya maisha. Mwanasaikolojia wa afya anaweza kukutana na yote hayo, lakini wagonjwa wake wengi wana akili timamu kabisa. Wana presha, sukari, pumu, saratani au virusi vya UKIMWI, na swali ni namna gani wataishi na maradhi hayo miaka ishirini au thelathini.

Lilivyoanza

Kwa muda mrefu tiba ya kisasa iliutazama mwili kama mashine: pameharibika, parekebishwe. Mtazamo huo ulifanya kazi kubwa dhidi ya maradhi ya kuambukiza. Lakini katikati ya karne ya 20, katika nchi tajiri, maradhi yaliyoongoza kwa kuua yalikuwa ya moyo, kiharusi na saratani, na mengi kati ya hayo yalifungamana na namna watu wanavyokula, wanavyovuta na wanavyoishi.

Mwaka 1977 daktari Mmarekani George Engel aliandika katika jarida la *Science* kwamba tiba inahitaji mtazamo mpana zaidi, unaoweka pamoja mwili, nafsi na jamii. Mtazamo huo ndio msingi wa somo hili hadi leo. Mwaka uliofuata, 1978, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilianzisha kitengo chake cha saikolojia ya afya, na rais wake wa kwanza, Joseph Matarazzo, akaipa taaluma maelezo yake rasmi mwaka 1980. Kwa umri wa taaluma, basi, hii bado ni changa.

Sisi wa pwani tusidhani haya ni mambo ya huko mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hesabu watu wanne barazani kwenu jioni ya leo, utaona ninavyosema.

Ugonjwa ulio kichwani mwa mgonjwa

Kama nitaruhusiwa kufundisha jambo moja tu katika somo hili, nitafundisha kazi ya Howard Leventhal. Yeye na wenzake walieleza kwamba mtu akiugua hujitungia maelezo yake mwenyewe ya ugonjwa, na maelezo hayo ndiyo yanayoamua atafanya nini. Maelezo hayo yana sehemu tano:

1. Jina na dalili: Huu ni ugonjwa gani, nao unajionyesha vipi?
2. Sababu: Umetoka wapi?
3. Muda: Ni wa kupita au ni wa maisha?
4. Matokeo: Utanifanya nini?
5. Udhibiti: Unatibika? Kwa nini, na kwa nani?

Mwaka 1985 Leventhal na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa presha nchini Marekani. Wengi walikubali kwamba mtu hawezi kujua kwa kuhisi kama presha yake imepanda. Lakini wengi hao hao walisema wao binafsi huijua: kichwa huuma, uso hupata moto, moyo hudunda. Dawa wakaifuatisha na dalili hizo.

Niliposoma utafiti huo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu. Ami alipopata nafuu ya kusema nilimwuliza kwa nini hakuwa akimeza dawa, naye alishangaa kuulizwa. "Presha si ikipanda naijua? Kichwa hunigonga huku nyuma. Kikitulia, dawa ya nini? Na vidonge vikizidi hula figo." Hakuwa mkaidi wala mjinga. Alikuwa na hesabu yake kamili: dalili, muda, tiba na hofu. Kwa hesabu ile, kumeza kidonge siku ambayo haumwi ni kuutia mwili sumu bure. Kosa lilikuwa katika tarakimu ya kwanza tu, kwa kuwa presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote.

Mwanasaikolojia Mwingereza Rob Horne aliliongezea jambo hili mizani rahisi. Mgonjwa, asema, hupima haja yake ya dawa upande mmoja na hofu yake ya dawa upande wa pili. Hofu ikizidi haja, dawa hubaki koponi. Ami alikuwa na hofu ya figo na hakuona haja. Mimi nilikuwa nikimkumbusha, kana kwamba tatizo lake lilikuwa kusahau.

Mfano wa pili ni wa kwetu kabisa. Watafiti waliofanya kazi Kilifi na pwani ya Tanzania wameandika jinsi wazazi wengi wanavyoitambua degedege kuwa ugonjwa mbali na malaria, ugonjwa wa nyuni au wa mashetani. Jina likishakuwa hilo, sababu hubadilika, na tiba hubadilika: mtoto hupelekwa kwa mganga kwanza. Kumbe mtukutiko ule huenda ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa ina thamani. Kumwita mama yule mzembe hakumfikishi mtoto hospitali. Ukijua jina analolitumia, angalau utajua pa kuanzia mazungumzo.

Kwa nini mtu huenda au haendi kupimwa

Katika miaka ya 1950 idara ya afya ya umma ya Marekani ilipeleka magari ya eksirei mitaani ili watu wapimwe kifua kikuu bure. Wengi hawakuja. Mtafiti Godfrey Hochbaum alihoji zaidi ya watu 1,000 na kukuta tofauti kubwa. Kati ya walioamini kwamba wanaweza kuugua na kwamba kugunduliwa mapema kuna faida, 82 katika kila 100 walikuwa wamepiga picha kwa hiari yao. Kati ya wasioamini lolote katika hayo mawili, ni 21 tu.

Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Modeli ya Imani za Kiafya. Inasema kwamba mtu atachukua hatua akiamini mambo manne: kwamba ugonjwa unaweza kumpata yeye, kwamba ni mzito, kwamba hatua hiyo ina faida, na kwamba vikwazo havizidi faida hiyo. Halafu huhitajika kichocheo: jirani kuanguka ghafla, tangazo la redio, au neno la imamu baada ya swala.

Jambo la tano ni lile alilolieleza Albert Bandura mwaka 1977, nalo ni imani ya kujiweza. Mtu anaweza kukubali yote manne na bado asianze, kwa sababu ndani yake hajiamini kwamba ataweza. Kinachoijenga imani hiyo zaidi ni ushindi mdogo mdogo alioupata mwenyewe, kisha kumwona mtu wa hali yake akifaulu. Ndiyo maana mama wa Likoni aliyeidhibiti sukari yake huwashawishi majirani kuliko bango lenye picha ya daktari.

Kubadili mazoea

Mapema miaka ya 1980 James Prochaska na Carlo DiClemente waliwachunguza watu waliokuwa wakiacha sigara. Waliona kwamba mabadiliko huja kwa hatua: mtu hajafikiria kuacha, kisha anafikiria, kisha anajiandaa, kisha anaacha, kisha anajitahidi kudumisha. Kurudi nyuma ni kawaida. Wako watafiti wanaobisha kwamba hatua hizo hazitengani waziwazi kama modeli inavyodai, na mwanafunzi ayajue mabishano hayo. Hata hivyo modeli hii inatufunza adabu moja: usimpe mbinu za kuacha mtu ambaye bado haoni sababu ya kuacha.

Kwa aliyekwisha kuamua, iko mbinu rahisi ya Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani: ifunge nia na wakati na mahali. "Nitameza dawa" ni nia legevu. "Nikishika kikombe cha chai ya asubuhi, nitameza kidonge kabla ya kuonja" ni mpango. Ami sasa hivi anafanya hivyo hivyo, akirudi msikitini alfajiri. Vidonge vimetoka kabatini, vinakaa kando ya birika.

Na mazoea hayajengwi kwa siku tatu. Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010, waliona kwamba ilichukua kama siku 66 kwa kawaida kitendo kipya kuwa cha kujiendea chenyewe. Wengine waliwahi kwa siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Mwambie mgonjwa wako hivyo asijione ameshindwa wiki ya pili.

Tena kuna mazoea yanayohitaji zaidi ya nia ya mtu mmoja. Mwezi Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi ikafuata, na baada ya siku chache mahakama ikaisimamisha amri ile. Kila mtu ana maoni yake. Mwanafunzi wa somo letu alitazame jambo hilo kwa macho ya Susan Michie na wenzake, walioeleza mwaka 2011 kwamba tabia husimama juu ya vitu vitatu: uwezo, fursa na hamu. Marufuku hugusa fursa, yaani muguka usipatikane kirahisi. Lakini kijana asiye na kazi, ambaye maskani ya kutafunia ndiyo sehemu pekee anayoitwa kwa jina lake, hamu yake haiguswi na marufuku. Mpango unaogusa guu moja la kigoda usishangae kigoda kikilala.

Mawazo yanavyoingia mwilini

Wazee wetu husema "mawazo yamemla". Sayansi imewakubalia kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1936 Hans Selye alieleza jinsi miili ya panya walioteswa kwa njia mbalimbali ilivyoharibika kwa namna moja. Tangu hapo tumejua mengi kuhusu homoni za msongo wa mawazo, ambazo humsaidia mtu kukimbia hatari ya dakika chache lakini humchakaza zikikaa miezi na miaka.

Utafiti ninaoupenda kuwasimulia wanafunzi ni wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, wa mwaka 1995. Waliwachukua wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na kumbukumbu, na wanawake wengine wa umri wao wasio na mzigo huo, wakawatia wote kidonda kidogo kinacholingana. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Hapa kwetu mgonjwa huuguzwa nyumbani, na anayeuguza mara nyingi ni binti mmoja. Tunapokwenda kumjulia hali mgonjwa, tumwulize na yeye hali yake.

Richard Lazarus na Susan Folkman walitukumbusha mwaka 1984 kwamba tukio lile lile halimwelemei kila mtu sawa. Hutegemea mtu anavyolipima tukio na anavyoipima nguvu yake ya kulikabili. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni watu. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme, waliowafuata wakazi wa wilaya ya Alameda huko California kwa miaka 9, walionyesha kwamba wenye uhusiano mchache na watu walikufa zaidi kuliko wenye uhusiano mwingi. Baraza la jioni, kumbe, si la kupoteza wakati tu.

Mazungumzo ya chumba cha daktari

Mgonjwa husahau sehemu kubwa ya aliyoambiwa kabla hata hajafika kituo cha matatu. Husahau zaidi akiwa na hofu, akielezwa kwa lugha asiyoizoea, au akirushiwa mambo kumi kwa pamoja. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×2 ni wazi kwa mfamasia. Kwa nyanya aliyezoea kuhesabu siku kwa swala tano, si wazi.

Dawa yake ni nyepesi: sema machache, anza na lililo muhimu, kisha mwombe mgonjwa akueleze kwa maneno yake atakavyofanya akifika nyumbani. Usimwulize "Umeelewa?" Kwa heshima yetu ya pwani, atakuitikia ndiyo hata kama hakuelewa. Na Ramadhani ikikaribia, usingoje akuulize. Wapo wanaobadilisha saa za dawa kwa shauri lao wenyewe au kuziacha kabisa, na kwa mgonjwa wa sukari hilo lina hatari. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mwezi kuandama.

Tahadhari kwa mwanafunzi

Somo hili lina mtego wake: kudhani kila kitu kimo kichwani mwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ipasavyo ni karibu nusu tu. Katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi, na sababu ziko wazi: bei ya dawa, foleni, nauli, zahanati iliyoishiwa na vidonge. Anayeruka siku ili dawa zimfikishe mwisho wa mwezi hana upungufu wa imani ya kujiweza. Ana upungufu wa pesa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kazi yetu ni pamoja na kulisema hilo.

Mtego wa pili ni kuchukua modeli za Marekani na kuzivalisha kanzu bila kuzipima. Nadharia nyingi nilizozitaja zilijengwa kwa kuwahoji watu wa huko. Hapa kwetu uamuzi wa kwenda hospitali mara nyingi si wa mgonjwa peke yake. Kuna mume, mama mkwe, shangazi, na anayeshika pesa. Utafiti wa kulieleza hilo vizuri unawangoja nyinyi.

Njia iliyo mbele

Anayetaka kubobea huanza na shahada ya saikolojia au ya fani ya afya, kisha shahada ya uzamili. Kuihudumia jamii kama mwanasaikolojia nchini Kenya kunahitaji usajili chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Kazi zipo hospitalini, katika miradi ya afya ya kaunti, katika mashirika na katika utafiti. Lakini hata ukiishia kuwa nesi wa zahanati ya Msambweni au mfamasia wa Malindi, utalitumia somo hili kila siku.

Nawapa wanafunzi wangu kazi moja kabla ya kipindi cha pili, nami nakupa wewe pia. Mtafute jamaa yako mmoja anayeishi na ugonjwa wa kudumu. Kaa naye, mwulize yale maswali matano ya Leventhal kwa Kiswahili chenu cha nyumbani: unauitaje, umetoka wapi, utakaa muda gani, utakufanya nini, na kitu gani kinausaidia? Andika anayosema. Usimsahihishe siku hiyo, hata ukiona kosa. Ukirudi darasani tutazungumza namna ya kurudi kwake siku ya pili, pamoja na daktari wake ikibidi.

Ami yangu anatembea kwa mkongojo siku hizi, na presha yake imetulia. Mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Randa yake imetundikwa ukutani na hajaishika tena. Nilimkumbusha dawa mara nyingi sana, lakini nilikuja kumwuliza anavyouelewa ugonjwa wake baada ya kiharusi. Wewe mwulize wako wiki hii.